Marmon-Herrington, Gari la Deraya Lililotengenezwa Afrika Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wa historia ya Vita vya Pili vya Dunia huuliza sana kuhusu vifaru vya Wajerumani na magari ya Wamarekani. Maswali ya hapa chini ni ya gari moja linalosahaulika, ingawa lilitengenezwa barani Afrika, na baadhi ya mapigano yake ya mwanzo yalikuwa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia.

Hili ni gari gani hasa?

Ni gari la deraya (yaani lililofunikwa kwa bamba za chuma za kuzuia risasi) la magurudumu manne, lililotengenezwa kwa ajili ya upelelezi wa kijeshi. Juu lilikuwa na kibanda cha chuma kinachozunguka (tareti), mbele injini ya petroli ya Ford yenye silinda nane, na ndani watu wanne. Uzito wake ulikuwa karibu tani 6, na kwenye barabara nzuri lilifikia mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Deraya yake haikuzidi unene wa milimita 12, na sehemu nyingi zilikuwa nyembamba zaidi ya hapo. Kumbuka tarakimu hiyo, maana mengi yaliyowapata waliolipanda yanatokana nayo.

Kwa nini Afrika Kusini iliamua kujitengenezea?

Kwa sababu haikuwa na kitu. Vita vilipoanza Septemba 1939, jeshi la nchi hiyo lilikuwa na vifaru viwili vya zamani vya Vickers na magari mawili ya deraya ya Crossley, vyote vilivyonunuliwa katika miaka ya 1920. Nchi nzima!

Kabla ya hapo, mwaka 1938, serikali ilikuwa imeanza kutenga fedha za kubuni gari jipya la deraya, lakini bila haraka. Kisha Bunge lilipiga kura tarehe 4 Septemba 1939 kuhusu kuingia vitani. Jan Smuts, aliyetaka kupigana na Ujerumani, alipata kura 80, na waziri mkuu Hertzog, aliyetaka nchi isiegemee upande wowote, akapata 67. Smuts akashika uwaziri mkuu, na Afrika Kusini ikatangaza vita ikiwa na jeshi dogo mno. Kuagiza magari kutoka Uingereza hakukuwezekana, kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa wakihangaika kujaza maghala yao. Mwaka uliofuata Italia nayo iliingia vitani, na Italia ilikuwa na majeshi Libya, Eritrea, Ethiopia na Somalia. Adui akawa hapa hapa Afrika.

Kama ni la Afrika Kusini, mbona lina jina la Kimarekani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linaeleza namna gari lenyewe lilivyozaliwa.

Marmon-Herrington ilikuwa kampuni ya mjini Indianapolis, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931 na Walter Marmon na Arthur Herrington. Kazi iliyoipatia sifa ilikuwa kuchukua malori ya kawaida ya Ford, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na kuyafungia ekseli ya mbele inayovuta pamoja na gia boksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Lori la mjini likawa la porini. Vifaa hivyo viliweza kufungwa makretini na kusafirishwa kwa meli.

Waafrika Kusini hawakuwa na kiwanda cha kutengeneza injini wala chasisi. Walichofanya ni kukusanya: chasisi ya lori la tani 3 na injini kutoka Ford ya Kanada, mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne kutoka Indianapolis, bunduki kutoka Uingereza, na bodi ya chuma kutoka kwao wenyewe. Waingereza walipoanza kuyapokea waliyaandika kwa jina la ile kampuni iliyotoa mfumo wa kuvuta, na jina hilo likashika.

Binafsi naliona jina hilo kuwa dhuluma. Kilicholifanya kuwa gari la deraya, yaani chuma chake, ubunifu wa bodi yake na mikono iliyoliunganisha, kilitoka Afrika Kusini.

Nani hasa walilitengeneza?

Chuma kilitoka ISCOR, shirika la chuma la serikali lililoanzishwa mwaka 1928, ambalo tanuru zake za Pretoria zilianza kutoa chuma mwaka 1934. Bila tanuru hizo mradi wote usingewezekana. Chuma cha deraya si chuma cha kujengea daraja. Kinahitaji mchanganyiko wake na kupashwa moto kwa namna yake, ili kiwe kigumu cha kuzuia risasi bila kupasuka vipande vipande, na mafundi wa Pretoria walilazimika kujifunza kazi hiyo huku vita vikiendelea. Kazi ya kuunganisha ilifanywa na viwanda vya watu binafsi, Dorman Long wakiwa miongoni mwao. Msimamizi wa shughuli nzima ya vifaa vya vita alikuwa Hendrik van der Bijl, mhandisi aliyekuwa pia mwenyekiti wa ISCOR na wa shirika la umeme la nchi hiyo. Alikuwa na mamlaka ya kuamuru kiwanda cha mashine za migodini kiache kazi yake na kutengeneza silaha.

Hapa sharti lisemwe jambo jingine. Waliopanda magari haya katika jeshi la Afrika Kusini walikuwa Wazungu wa kujitolea. Waafrika weusi waliojiunga waliwekwa katika Kikosi cha Kijeshi cha Wenyeji, wakapewa kazi za udereva, ubebaji na ulinzi, na sera ya serikali iliwanyima bunduki. Wengi walilinda maghala wakiwa na mikuki. Nchi iliyoweza kutengeneza maelfu ya magari ya vita iliogopa kumkabidhi raia wake bunduki moja kwa sababu ya rangi yake. Kila ninaposoma sifa za viwanda vile nalikumbuka hilo, na sidhani historia ya gari hili inakamilika bila kulitaja.

Mark I na Mark II zilitofautiana vipi?

Mark I, yaani toleo la kwanza la gari hili, ilikuwa ya kuanzia tu. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ilibeba bunduki mbili za rashasha aina ya Vickers, moja kwenye tareti na nyingine ubavuni upande wa kushoto. Yalitengenezwa magari 113, na mengi yalitumika kufundishia.

Mark II ndiyo iliyofungwa ule mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne, na ndiyo gari la kwanza la aina hii lililofaa kweli kwa nchi isiyo na barabara. Yalitengenezwa 887, kwa hiyo aina hizi mbili zilifika magari 1,000 kamili. Mark II yenyewe ilikuwa na sura mbili. Ile iliyokusudiwa Afrika Mashariki ilibaki na bunduki zake za Vickers. Ile ya Mashariki ya Kati ilikuwa na tareti ya pande nane, yenye bunduki ya Boys ya milimita 13.9 iliyobuniwa kutoboa vifaru vyepesi, na rashasha ya Bren.

Lilifanya nini Afrika Mashariki?

Vikosi vya Afrika Kusini vilianza kufika Kenya mwaka 1940. Waitalia walikuwa wameshika Moyale tangu Julai mwaka huo, na nyika yote ya kaskazini, kuanzia Ziwa Turkana (wakati huo likiitwa Rudolf) hadi mpaka wa Somalia, ikawa ardhi ambayo hakuna upande uliojua mwingine ulipo. Katika hali kama hiyo gari la upelelezi lina thamani kuliko mzinga.

Mwenye kuijua nchi ile ataelewa ugumu wake. Magharibi kuna uwanda wa Chalbi na mawe meusi ya volkano yanayokata tairi. Mashariki, kuelekea Wajir, ni mchanga na miiba. Maji hupatikana kwenye visima vichache vinavyojulikana, na anayeshika kisima ameshika njia. Kwa hiyo upelelezi mwingi ulikuwa wa visima: nani yupo pale, wako wangapi, na maji yapo kiasi gani. Gari nalo lilihitaji maji. Injini ya Ford iliyofunikwa kwa chuma pande zote ilichemka upesi, rejeta ikadai maji yale yale waliyoyahitaji watu.

Mapema mwaka 1941 Jenerali Alan Cunningham, aliyeongoza majeshi ya Kenya, alianza kusonga mbele. Divisheni ya Kwanza ya Afrika Kusini ilivuka kuingia kusini mwa Ethiopia na kuiteka Mega tarehe 18 Februari, katika mvua na baridi ya nyanda za juu. Mvua ile iligeuza njia kuwa matope, na magari yaliyokimbia vizuri nyikani yakakwama. Upande wa pwani mwendo ulikuwa wa kasi ya ajabu. Kismayu ilichukuliwa tarehe 14 Februari, Mto Jubba ukavukwa, na Mogadishu ikaingiwa tarehe 25 Februari. Kutoka hapo majeshi yalipanda kaskazini hadi Jijiga na Harar, na tarehe 6 Aprili 1941 yakaingia Addis Ababa. Ni safari ya takriban kilomita 2,700 iliyokamilika kwa muda usiofika miezi miwili.

Katika safari ya namna hiyo, kazi ya magari ya deraya ni kuligusa jeshi la adui linalorudi nyuma, kuona kama limesimama au linaendelea kukimbia, na kupeleka habari kabla malori ya askari hayajaingia kwenye mtego. Jeshi lisilo na macho ya mbele lingelazimika kutambaa.

Je, askari wetu wa Afrika Mashariki nao walipigana humo?

Waliobeba sehemu kubwa ya vita hivyo walikuwa askari wa miguu: King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (sasa Malawi), pamoja na ndugu zao wa Nigeria na Gold Coast (sasa Ghana). Wao walikuwa na bunduki, tofauti na Waafrika weusi wa jeshi la Afrika Kusini. Ilikuwapo pia Rejimenti ya Magari ya Deraya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Kenya.

Mwaka 1942 njia zilikutana tena, safari hii Madagascar, kisiwa kilichokuwa chini ya serikali ya Vichy ya Ufaransa, iliyoshirikiana na Wajerumani. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipanda kutoka Majunga mwezi Septemba hadi Antananarivo, iliyochukuliwa tarehe 23, na magari ya Marmon-Herrington ya Afrika Kusini yalikuwa sehemu ya kampeni hiyo. Madaraja yaliyovunjwa na miti iliyoangushwa njiani iliwachelewesha kuliko risasi.

Gari la upelelezi linafanya nini hasa vitani? Si kupigana?

Kupigana ni jambo la mwisho. Wengi huangalia mtutu na kuuliza kama unaweza kutoboa kifaru. Swali la kwanza la mpelelezi ni kama ameona, na la pili ni kama habari imefika.

Doria ya magari ya deraya ilisogea kwa zamu. Gari la kwanza hukimbia hadi kwenye kichuguu au ukingo wa kilima, husimama likiwa limejificha isipokuwa juu, na kamanda hutazama kwa darubini. La pili hubaki nyuma likililinda. Pakiwa salama, la pili hulipita la kwanza, na hivyo hivyo siku nzima. Wakiona vumbi hukisia idadi: vumbi la malori halifanani na la vifaru. Kisha redio. Kamanda aliyeona vifaru 30 na kurudi na habari amefanya kazi kubwa kuliko aliyeharibu kimoja akauawa kabla ya kusema.

Ndiyo maana dereva wa gari hili alithaminiwa sana. Uhai wa wote wanne ulitegemea kugeuza au kurudi kinyumenyume kwa kasi, gizani mwa chumba cha chuma, akitazama kwenye upenyo mwembamba, jua likiwa limekipasha chuma mpaka hakigusiki.

Lilifikaje Libya na Misri, na lilikutana na nani huko?

Waingereza walikuwa wakitumia magari ya deraya ya Rolls-Royce yaliyobuniwa mapema katika karne ya 20, kwa hiyo Marmon-Herrington liliwafaa mara moja. Rejimenti kadhaa za Kiingereza ziliyapokea, zikiwemo King's Dragoon Guards na 11th Hussars. Hao King's Dragoon Guards walikutana na wapelelezi wa kwanza wa Kijerumani karibu na El Agheila mwezi Februari 1941, siku chache tu baada ya Rommel, jenerali wa Wajerumani, kufika Tripoli.

Mkutano huo ulibadilisha kila kitu. Dhidi ya Waitalia wa Afrika Mashariki gari hili lilitosha. Wajerumani walikuja na magari ya deraya ya magurudumu manane, yenye mizinga ya milimita 20 inayopiga mfululizo, na bunduki ya Boys haikuweza kujibu. Ndege nazo zilikuwa adui mbaya zaidi, kwa kuwa gari linaloacha vumbi jangwani huonekana kutoka mbali na deraya ya juu ndiyo nyembamba kuliko zote.

Kwa nini kila picha inaonyesha silaha tofauti?

Kwa sababu waliolipanda walijisaidia. Walipoona silaha zao hazitoshi, waliondoa tareti na kufunga juu ya gari mzinga wowote waliouteka. Kuna picha za Marmon-Herrington lenye mzinga wa Breda wa milimita 20 wa Waitalia, lenye mzinga wa Kiitalia wa milimita 47, lenye mzinga wa Kijerumani wa milimita 37, na lenye wa Kifaransa wa milimita 25. Karakana za jeshi ziliwasaidia kukata na kuchomelea.

Faida yake ilikuwa wazi: sasa doria iliweza kujibu. Hasara yake ni kwamba mpiga mzinga alisimama wazi, bila kinga ya juu wala ya ubavuni. Walijua hivyo, na wakachagua hivyo. Kwangu mimi uamuzi huo unaeleza udhaifu wa gari hili kuliko ripoti yoyote ya kiufundi.

Viwanda vilifanya nini kurekebisha udhaifu huo?

Mark III ilianza kutoka mwezi Mei 1941. Chasisi ilifupishwa kwa karibu sentimita 43, gari likageuka vizuri zaidi na kutokwama tumbo kwenye matuta. Ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, magari 2,630. Lakini silaha zake zilibaki zile zile na deraya haikuongezeka kwa maana.

Mark IV ilikuwa gari jipya kabisa. Injini ilihamia nyuma, bodi ya chuma yenyewe ikawa ndiyo uti wa gari badala ya kukalishwa juu ya chasisi ya lori, na tareti ikabeba mzinga wa milimita 40. Hapo palizuka tatizo: ile mifumo ya Indianapolis haikupatikana kwa uhakika. Wahandisi wakabuni aina ya pili, Mark IVF, iliyotumia sehemu za lori la kijeshi la Ford ya Kanada lililokuja na uwezo wa kuvuta magurudumu yote tangu kiwandani. Kwa hiyo kuna magari yanayoitwa Marmon-Herrington ambayo hayana kitu cha Marmon-Herrington ndani yake.

Zote mbili zilifika 2,116, ila zilichelewa. Vita vya Afrika Kaskazini vilikwisha Mei 1943, na Italia yenye milima ilidai magari mengine. Majaribio yaliendelea, hata likatengenezwa moja la magurudumu manane lenye injini mbili, kwa kuiga yale ya Wajerumani, lakini halikuingia kwenye uzalishaji. Waingereza walikuwa tayari na magari yao ya deraya ya Daimler na Humber, na Marekani ilikuwa ikitoa magari kwa wingi usioshindika.

Kwa jumla yalitengenezwa mangapi?

5,746 kwa aina zote, yaani Mark I, II, III na IV pamoja na IVF.

Nani wengine waliyatumia?

Wafaransa Huru, waliokataa kujisalimisha kwa Wajerumani, jangwani. Waholanzi huko Java mwanzoni mwa 1942, na Wajapani waliyateka. Wajerumani nao waliyateka mengi, hasa Tobruk, mji wa bandari wa Libya, ilipoanguka tarehe 21 Juni 1942 na Divisheni ya Pili ya Afrika Kusini ikatekwa humo, wakayapaka alama zao na kuyatumia. Baada ya vita, Jeshi la Waarabu la Jordan liliyatumia mwaka 1948. Ugiriki iliyaweka visiwani kwa miongo mingi, muda mrefu kuliko yeyote.

Kwa maoni yako, lilikuwa gari zuri?

Kwa kazi lililokusudiwa mwaka 1940, ndiyo. Lilikuwa tayari wakati mengine yalikuwa bado michoro. Lilitengenezeka na watu waliokuwapo, kwa mashine zilizokuwapo, na likaharibika likatengenezwa porini na fundi yeyote aliyeijua Ford. Wanaolilinganisha na magari ya 1944 na kulicheka hawatendi haki.

Lakini kufikia mwaka 1942 vijana walikuwa wakitumwa humo kukabiliana na silaha ambazo milimita 12 za chuma haziwezi kuzizuia, na wakubwa walilijua hilo. Aina bora ilichelewa karibu miaka miwili. Siwalaumu mafundi wa Pretoria. Waliomba vifaa ambavyo meli hazikuleta.

Naweza kuliona wapi leo?

Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kijeshi mjini Johannesburg, mtaa wa Saxonwold, yanayo. Ukifika, angalia viungo vya bodi: za mwanzo zilifungwa kwa ribiti, za baadaye zilichomelewa. Angalia pia upenyo wa dereva, kisha jaribu kukadiria angeona nini.